Askofu Josiah Kibira na Umoja wa Walutheri

Kamati ya gazeti letu iliniomba niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufariki, ambaye vijana walioko shuleni sasa wanaweza kujifunza kitu kwake. Kwa kuwa mimi ni mtumishi wa serikali, wenzangu walitazamia kwamba nitamchagua waziri au mkuu wa mkoa. Nimemchagua mchungaji. Sababu yangu ni kwamba katika miaka yangu ya kazi nimeona ofisi, vyama vya ushirika na hata koo zikivunjika, na mara nyingi wanaovunjana ni watu wenye nia moja na katiba moja. Jambo hilo lilimkuta Askofu Josiah Kibira katika kanisa lake, tangu utoto hadi uzee, naye alishughulika nalo kwa namna inayostahili kukumbukwa.

Josiah Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 katika nchi ya Bukoba, kando ya Ziwa Victoria. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mdogo. Kanisa alilolelewa ndani yake lilikuwa na historia ya pekee. Wahaya wa kwanza kusoma Injili hawakuisomea kwao, bali waliipata Buganda, wakarudi nayo nyumbani kabla hajafika mmisionari yeyote wa Kiprotestanti kuishi kati yao. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walifika mwaka 1910. Haukupita muda Vita Kuu ya Kwanza ikaja, Wajerumani wakaondolewa, na Wakristo wenyewe wakalichunga kundi. Katika miaka ya 1920 Wamethodisti walishika kazi kwa muda, kisha Bethel wakarudi. Msomaji anaweza kufikiri ilikuwaje kwa mzee wa usharika aliyeletewa mabwana watatu wa misioni katika muda mfupi, kila mmoja na desturi zake za ibada. Wengine walimfuata huyu, wengine yule, na majirani waliokuwa wakisali pamoja wakaanza kupishana njiani.

Hapa sina budi kueleza kidogo asili ya migawanyiko hiyo, maana haikuota Bukoba. Mwaka 1817 Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu wa Prussia alitangaza kwamba Walutheri na Wareformati wa nchi yake wawe kanisa moja. Nia yake huenda ilikuwa njema. Lakini baadaye serikali yake ililazimisha kitabu kimoja cha ibada, na wachungaji waliokataa wakatiwa gerezani. Tangu mwisho wa miaka ya 1830 maelfu ya Walutheri walihama, wengine wakaenda Australia na wengine Marekani, wakaanzisha makanisa yao. Hivyo amri ya kuunganisha watu ilizaa mafarakano mapya. Huko Marekani Sinodi ya Missouri, iliyoundwa mwaka 1847, ilishikilia kwamba hapawezi kuwa na ushirika wa mezani pasipo mapatano kamili ya mafundisho, nayo hadi leo haimo katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani.

Mizigo hiyo yote ilishushwa bandarini kwetu pamoja na wamisionari. Bethel na Berlin walitoka katika Prussia ya muungano. Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walijihesabu Walutheri halisi. Wamarekani wa Augustana walifanya kazi Singida, na Waswidi walikuja Bukoba wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipokamatwa tena. Waswidi walikuwa na maaskofu tangu zamani. Wengine hawakuwa nao. Basi Mlutheri wa Moshi, wa Bukoba na wa Njombe waliitwa kwa jina moja, lakini kila mmoja alikuwa na baba yake Ulaya au Marekani.

Kibira alianza maisha kama mwalimu. Mwaka 1947 aliguswa na Uamsho, ule uliotoka Rwanda ukaenea Uganda na Buhaya, ambao wafuasi wake tunawaita walokole. Uamsho uliwaunganisha watu wa makabila na makanisa mbalimbali kwa namna ambayo hakuna kamati iliyoweza. Watu waliungama wizi wakarudisha mali, na wanaume waliokuwa hawasemezani wakakumbatiana hadharani. Lakini uliwatenga pia. Walokole wengine waliwaona wachungaji wao kuwa wamelala usingizi, na wachungaji wengine waliwaona walokole kuwa watu wa majivuno. Katika Buhaya wako waliotoka kabisa wakaunda kanisa lao.

Kibira alikuwa mlokole, wala hakuficha wokovu wake, lakini hakutoka. Kwangu mimi hiki ndicho kitendo chake cha kwanza cha uongozi, ingawa wakati huo hakuwa na cheo chochote. Mtu aliye moto rohoni huona ni rahisi zaidi kuondoka na wenzake walio moto kama yeye. Kukaa kitako katika usharika pamoja na wazee baridi, kuwasikiliza na kuwaombea, ni kazi ngumu isiyopigiwa makofi.

Mwaka 1957 alikwenda Bethel, Ujerumani, kusoma theolojia, na baada ya kubarikiwa kuwa mchungaji alisoma tena katika Chuo Kikuu cha Boston, Marekani. Wakati huo mambo makubwa yalikuwa yakitendeka nyumbani. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri, ambayo tangu 1938 yalikuwa na shirikisho tu, yaliungana kuwa Kanisa moja, ndilo KKKT la leo, na Stefano Moshi akawa mkuu wake wa kwanza. Muungano huo haukufuta tofauti kwa siku moja. Kwa miaka mingi sehemu nyingine ziliongozwa na maaskofu na nyingine ziliitwa sinodi. Waliojenga umoja huo walikubali kwamba nyumba inaweza kuezekwa kabla kuta zote hazijapakwa chokaa.

Mwaka 1964 Kibira aliwekwa wakfu kuwa askofu, akamrithi Msuidi Bengt Sundkler katika Bukoba. Dayosisi yake, iliyoitwa Kaskazini Magharibi, ilipata kwa mara ya kwanza askofu mzaliwa wa pale. Mwaka 1974 kilichapishwa kitabu chake kuhusu kanisa, ukoo na ulimwengu. Humo alichunguza undugu ambao Wahaya huuita oluganda. Ukoo, alivyouona, si adui wa kanisa. Unamfundisha mtu kumjali mwenzake, kumlilia na kumlisha. Shida yake ni kwamba unakomea mlangoni kwa ndugu. Kanisa linatakiwa kuwa ukoo usiokuwa na mlango wa kumfungia mgeni nje. Mimi si mwanatheolojia, lakini naliona hilo kuwa wazo la mchungaji kweli kweli, kwa sababu alianza na kitu ambacho bibi kizee wa kijijini anakijua tayari.

Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya Mkutano wake Mkuu Dar es Salaam, wa kwanza katika bara la Afrika. Mkutano huo ulimchagua Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho tangu Fungamano lilipoundwa Lund, Sweden, mwaka 1947. Lakini pamoja na heshima alikabidhiwa mzigo mzito. Mkutano ulikuwa umetamka kwamba ubaguzi wa rangi katika Afrika ya Kusini ni jambo linalogusa imani yenyewe, hivyo kanisa haliwezi kulinyamazia na bado likajiita kanisa la Kristo.

Ningependa wanafunzi waelewe uzito wa tamko hilo. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 linafundisha kwamba kwa umoja wa kanisa inatosha kukubaliana katika kuhubiri Injili na katika sakramenti. Desturi za kibinadamu si lazima zifanane. Mafundisho hayo ni ya rehema. Kwa hayo Mhaya, Mswidi na Mmarekani wanaweza kuwa kanisa moja ingawa nyimbo na mavazi yao yanatofautiana. Lakini katika Afrika ya Kusini na Namibia ya wakati ule, Walutheri weupe walikuwa na makanisa yao na weusi yao, hali maungamo ya pande zote yalikuwa yale yale. Ugomvi wa huko haukuwa wa desturi. Ulihusu Meza ya Bwana: kama mtu mweusi anaweza kupiga magoti kando ya mweupe. Kitu kilichotosha kwenye karatasi hakikutosha altareni.

Rais wa Fungamano hana polisi wala mahakama. Kibira alikuwa na miaka saba, na silaha zake zilikuwa mazungumzo, barua na subira. Miaka hiyo haikuwa ya utulivu. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, watu wake mwenyewe wakakimbia makwao. Julai 1979 Gudina Tumsa, katibu mkuu wa kanisa la Mekane Yesus la Ethiopia, aliuawa na utawala wa kijeshi. Mwaka huo huo wa 1979 Karagwe ilitoka katika dayosisi ya Kibira ikawa dayosisi kamili. Nataja la Karagwe kwa makusudi. Si kila kugawa ni kufarakana. Mkulima hugawa migomba ili shamba liongezeke, na askofu aliyepigania umoja duniani hakung'ang'ania mipaka ya eneo lake.

Mwaka 1984 Fungamano lilikutana Budapest, Hungaria, na huko urais wake ukaisha. Mkutano ulisimamisha uanachama wa makanisa mawili ya Walutheri weupe wa kusini mwa Afrika, kwa kuwa hayakuukataa ubaguzi kwa wazi. Wako waliosema huo ulikuwa ukatili, kwamba watu wa umoja wanawezaje kufukuza. Naheshimu hoja hiyo, maana kutenga ni rahisi na kurudisha ni kugumu. Lakini makanisa hayo hayakufukuzwa. Yalisimamishwa, na mlango ukaachwa wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipokuwa ukibomoka, yalirudishwa. Mchungaji aonaye kondoo mmoja akiwapiga pembe wengine hamchinji, lakini hamwachi zizini aendelee kujeruhi. Huko huko Budapest makanisa wanachama yalikubali kwamba yana ushirika wa mimbari na altare wao kwa wao, na mwaka 1990 huko Curitiba, Brazil, Fungamano likajitambua kuwa ushirika wa makanisa, si chama tu.

Kibira hakuishi kuyaona ya Curitiba. Ugonjwa wa kutetemeka ulikuwa umekwisha kumwingia. Alistaafu uaskofu katikati ya miaka ya 1980, akafariki Julai 1988. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, kwa hiyo sikupata kumwona.

Je, Walutheri wameungana? Jibu la kweli ni kwamba mengine yamewezekana na mengine bado. KKKT sasa ni miongoni mwa makanisa makubwa ya Kilutheri duniani, lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 ugomvi wa Meru uliligawa kundi, na mali za watu zikaharibiwa. Mwaka 1999 huko Augsburg Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, jambo lililowagawa tangu karne ya 16. Lakini mwaka 2013 Mekane Yesus ilivunja ushirika na Kanisa la Sweden na kanisa kubwa la Kilutheri la Marekani kwa sababu ya suala la ndoa. Basi Mlutheri aweza leo kuwa karibu zaidi na Mkatoliki wa jirani kuliko na Mlutheri wa ng'ambo. Wanaotumaini umoja watahitaji subira ya Kibira, na pia ujasiri wake wa kusema kuna mambo ambayo hayawezi kuvumiliwa mezani. Kuyatenganisha hayo mawili, la desturi na la imani, ndiyo kazi yenyewe, na mara nyingi watu wema huona tofauti.

Ndugu zangu, tulipokutana mara ya mwisho baadhi yetu walitaka kila mkoa uwe na chama chake cha wanafunzi wa zamani, chenye akiba yake na uongozi wake. Sisemi walikosea. Nauliza tu swali ambalo Kibira angeuliza: je, tunagawa migomba, au tunakwepana? Nanyi vijana mlioko shuleni, naambiwa kuna vikundi vya sala visivyosalimiana asubuhi, ingawa vyote vinasoma Biblia ile ile. Kabla hamjaanzisha kikundi cha nne, kaeni kwanza na wale mnaowaona baridi. Msiogope kukemea jambo baya, lakini mkilikemea, acheni mlango wazi. Mtu wa namna hiyo tulimpata Bukoba, akaheshimiwa duniani, naye alianza akiwa mwalimu wa kawaida aliyekataa kuondoka.