Huruma inayojua kuangalia

Katika mfano wa Msamaria Mwema (Luka 10:25-37), watu watatu walimwona majeruhi njiani. Wawili walipita kando. Wa tatu alimsogelea, akayatia majeraha mafuta na divai, akayafunga. Alikuwa na huruma, na pia alijua la kufanya. Leo tumtazame mama mmoja aliyejifunza kwa uchungu kwamba mambo hayo mawili hayatengani.

Florence Nightingale alizaliwa Mei 12, 1820, mjini Florence, Italia, katika familia tajiri ya Kiingereza. Akiwa na miaka 16 aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Familia yake ilimkatalia uuguzi, kazi iliyodharauliwa sana wakati huo. Alisubiri hadi 1851, alipokwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza kwa mashemasi wa kike waliohudumia wagonjwa.

Novemba 1854 alifika Scutari, Uturuki, pamoja na wanawake 38, kuwauguza askari wa Uingereza waliopigana vita vya Crimea. Walisafisha wodi, wakafua, wakalisha wagonjwa. Usiku alipita na taa kitanda hadi kitanda. Hata hivyo askari waliendelea kufa, wengi wao kwa kipindupindu, kuhara na homa kuliko kwa majeraha. Vifo vilipungua sana baada ya Machi 1855, wataalamu walipokuja kusafisha mifereji ya maji machafu chini ya jengo na kuingiza hewa safi.

Vita vilipokwisha, alizichambua hesabu za vifo akisaidiwa na mtaalamu wa takwimu, William Farr. Zilimwonyesha jambo zito: hospitali yake mwenyewe ilikuwa miongoni mwa zilizopoteza askari wengi zaidi, na uchafu ulichangia sana. Taa na huruma havikutosha. Tayari alikuwa shujaa wa taifa, angeweza kunyamaza. Badala yake alizitumia hesabu hizo kuibana serikali ibadilishe hospitali za jeshi.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi yenye jina lake ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas, London. Katika maandishi yake alisisitiza kuangalia kwa makini. Haitoshi kuuliza kama mgonjwa amelala vizuri. Ulizeni amelala saa ngapi, na alianza kulala wakati gani. Sahani ikirudi na chakula, tafuteni sababu: hamu imepotea, upishi ni mbaya, au saa haikufaa? Alifariki Agosti 13, 1910, akiwa na miaka 90.

Wiki hii wengi wetu tutakwenda kumwona mgonjwa. Tumwombee, kisha tuangalie: amekula? Amekunywa dawa? Chumba kina hewa? Na wewe muuguzi unayesoma haya baada ya zamu ya usiku, ujue kwamba macho yako makini ni sehemu ya ibada yako.

Ee Bwana, tupe moyo wa huruma, na macho yanayoona. Amina.