Alfred Büchi, mtu aliyengoja miaka 20 ili moshi uanze kufanya kazi

Gari likifika kwenye garaji ya mtaa wa Majengo, katika komini ya Karisimbi mjini Goma, likitoa moshi wa bluu na mluzi uliobadilika sauti, makanika hushuku turbo kwanza. Kifaa hicho kinapatikana leo kwenye malori ya mazutu, kwenye jeep nyingi na kwenye magari madogo ya mbio yanayotumia esanse. Aliyekibuni ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi aliyefariki mwaka 1959. Maisha yake yanamhusu kila mtu mwenye gari lenye turbo, kwa sababu adui aliyepambana naye kwa miaka 20 ndiye anayeua moteri hadi leo kwenye barabara za Kivu. Adui huyo ni joto.

Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai 1879 katika mji wa Winterthur, kaskazini mwa Uswisi. Ulikuwa mji wa viwanda, na kiwanda kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Sulzer, ambako baba yake Johann alikuwa mmoja wa wakubwa wa kazi. Mtoto huyo alikulia karibu na mashine za mvuke, pampu na moteri za mazutu, ambazo wakati huo zilikuwa kitu kipya duniani. Mwaka 1899 aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Zurich, akamaliza masomo yake ya uhandisi mwaka 1903. Baada ya hapo alikwenda kufanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Ni katika miaka hiyo ya ujana ambapo jambo moja lilianza kumsumbua. Moteri inapochoma mafuta, ni kama theluthi moja tu ya joto linalopatikana hugeuka kuwa kazi ya kuzungusha magurudumu. Theluthi nyingine huondoka kupitia maji ya radiatere. Theluthi inayobaki hutoka na moshi kwenye bomba na kupotea hewani. Büchi aliona kwamba mwenye gari ananunua lita tatu na kunufaika na lita moja. Akajiuliza moshi ule wenye joto na nguvu ungeweza kufanya kazi gani kabla ya kuachwa uende zake.

Jibu lake lilisajiliwa Ujerumani tarehe 16 Novemba 1905, akiwa na umri wa miaka 26. Alichora mashine yenye sehemu tatu zinazofuatana: kompresa inayoshindilia hewa, moteri ya pistoni inayochoma mafuta, na turbini inayozungushwa na moshi unaotoka. Turbo ya leo ni mtoto wa mchoro huo. Ndani yake kuna magurudumu mawili madogo yenye mabawa, yaliyofungwa kwenye mtaimbo mmoja. Moshi husukuma gurudumu la kwanza, na la pili huvuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi, mafuta mengi zaidi yanaweza kuungua vizuri, na moteri ile ile hutoa nguvu zaidi bila kuongezewa ukubwa.

Kwenye karatasi kila kitu kilikwenda sawa. Kwenye chuma mambo yalikuwa mengine. Büchi alirudi Uswisi akafanya utafiti wa moteri za mazutu katika kiwanda cha Sulzer, na mwaka 1911 majaribio ya turbo yakaanza huko. Moshi wa moteri huwa na joto la mamia ya nyuzi, na turbini inapaswa kuzunguka kwa kasi kubwa mno ndani ya moto huo bila kupinda na bila kupasuka. Vyuma vya wakati ule havikuweza kuvumilia. Mwaka 1915 alitoa turbo ya majaribio iliyokusudiwa kusaidia moteri za ndege kupumua katika hewa nyepesi ya juu angani, lakini haikuweza kutegemewa. Wenye viwanda wengi waliona wazo lake kuwa zuri kwa kusimuliwa tu.

Wengine nao walikuwa wakitafuta njia hiyo hiyo. Mfaransa Auguste Rateau alijaribu turbo kwenye moteri za ndege wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss alipandisha moteri ya ndege hadi kilele cha mlima Pikes Peak, zaidi ya mita 4,300 juu ya bahari. Bila turbo moteri ilitoa nguvu za farasi 230 hivi, na ilipofungwa turbo ikatoa 356, zaidi kidogo ya ilizokuwa ikitoa chini ya mlima. Jaribio hilo linaeleweka upesi kwa mkaaji wa Goma. Mji huu uko kwenye mita 1,500 hivi, na kwa urefu huo hewa imepungua kwa kama sehemu moja ya sita ikilinganishwa na ya pwani ya Mombasa. Gari lisilo na turbo linalotoka baharini hufika Goma likiwa limepoteza sehemu hiyo ya pumzi yake.

Ushindi wa Büchi ulikuja mwaka 1925, miaka 20 kamili baada ya mchoro wa kwanza. Safari hii hakutegemea tu vyuma vilivyo bora. Alibadilisha namna moteri inavyopumua. Kwanza aligawa mabomba ya moshi katika makundi, ili mshindo wa moshi wa silinda moja usiende kuziba pumzi ya silinda nyingine. Kila mshindo ulifika kwenye turbini ukiwa na nguvu yake yote. Pili, alipanga supape, yaani milango ya silinda, ili ya kuingiza hewa na ya kutoa moshi zibaki wazi pamoja kwa muda mfupi sana. Katika muda huo hewa safi ilipita moja kwa moja ndani ya silinda, ikafagia mabaki ya moshi, na ikapoza supape, pistoni na kuta za ndani.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yake. Hewa ile iliyopita bila kuungua ilikuwa na kazi kubwa: ilibeba joto na kuliondoa. Moteri iliyoshindiliwa hewa nyingi iliweza kuishi kwa sababu hewa hiyo hiyo iliipoza.

Majaribio makubwa yalifanyika kwenye meli mbili za abiria za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilizoanza safari zake mwaka 1926. Kila meli ilikuwa na moteri za mazutu za silinda kumi. Bila turbo moteri moja ingetoa nguvu za farasi 1,750. Kwa mfumo wa Büchi ilitoa 2,500, nyongeza ya zaidi ya asilimia 40. Tangu hapo maombi yakaanza kumiminika. Büchi alishirikiana na kiwanda cha Brown Boveri cha mji wa Baden, Uswisi, kilichotengeneza turbo kwa ajili ya viwanda vya moteri vya nchi nyingi. Meli zilitangulia, zikafuata treni na mashine za umeme. Mwaka 1938 kiwanda cha Saurer, pia cha Uswisi, kilitoa moteri ya lori yenye turbo.

Alfred Büchi alifariki tarehe 27 Oktoba 1959 katika Winterthur, mji aliozaliwa, akiwa na miaka 80. Aliacha bahari zimejaa meli zenye mfumo wake. Hakuona gari dogo la kuuzwa dukani likiwa na turbo.

Magari hayo yalikuja miaka mitatu baadaye, na tatizo la joto likarudi nayo. Mwaka 1962 kampuni ya Marekani ya Oldsmobile ilitoa gari la Jetfire, lenye turbo na moteri ya esanse. Hewa ikishindiliwa hupata joto kali, na esanse ikikutana na hewa ya namna hiyo inaweza kulipuka yenyewe kabla ya wakati, mlio wa kugonga ukasikika na pistoni ikatoboka. Wahandisi wa Jetfire waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na pombe ya methanoli, yakanyunyizwa ndani ya hewa ili kuipoza. Dawa ilifanya kazi, lakini wenye magari wengi walisahau kujaza tangi. Mwaka 1963 gari hilo likaachwa. Baadaye zikaja BMW 2002 Turbo mwaka 1973 na Porsche 911 Turbo iliyofuata, na turbo ikawa alama ya gari la mbio.

Afrika Mashariki ililiona jambo hilo kwa macho kwenye mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Mwaka 1984 Msweden Björn Waldegård alishinda akiendesha Toyota Celica yenye turbo. Mwaka 1985 gari la aina hiyo lilishinda tena likiwa na Juha Kankkunen wa Finland, na mwaka 1986 Waldegård akarudia. Huko Kenya gari lilikutana na vumbi, matope, jua la tambarare na baridi ya milima katika mashindano hayo hayo. Nguvu peke yake isingefika mwisho wa njia.

Somo la Büchi linaonekana pia karibu na Goma. Mji wenyewe hauna joto kali, lakini barabara ya taifa namba 2 kuelekea Butembo hushuka kwenye tambarare ya Rwindi, ambako jua huwaka, kisha hupanda miinuko ya Kabasha kuelekea Kanyabayonga. Hapo moteri inaombwa nguvu nyingi wakati gari linakwenda polepole na upepo wa kupoza ni mdogo.

Hesabu yake ni hii. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 35, turbo ikaishindilia mara mbili, inaweza kutoka ikiwa na nyuzi 130 hivi. Hewa ya moto hutanuka, kwa hiyo silinda hupata hewa kidogo kuliko kipimo cha presha kinavyoonyesha. Ikipitishwa kwenye radiatere ya hewa na kushushwa hadi nyuzi 50, uzito wake ndani ya silinda huongezeka kwa karibu robo, bila kuongeza presha hata kidogo. Ndiyo sababu kijana mwenye gari la turbo anayetaka nguvu wakati wa joto akikimbilia kuongeza presha, anaongeza joto kwanza na nguvu baadaye, na mara nyingi pistoni haifiki kwenye hiyo baadaye.

Utaratibu wa fundi mwangalifu ni wa kinyume. Huanza kwa kuosha radiatere ya maji na ile ya hewa, kwa kuwa vumbi la mawe ya volkano na matope ya barabarani huziba nafasi ambazo upepo hupita. Huweka radiatere ya hewa iliyo kubwa zaidi, mahali ambapo upepo unaifikia. Hufunika bomba la moshi na turbo kwa kitambaa kinachozuia joto, na kuhamisha mdomo wa kuvuta hewa ili usivute hewa ya moto iliyo chini ya boneti. Hutazama chujio la hewa, maana chembe ya jiwe ikifika kwenye mabawa yanayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika huyala kama msasa. Huweka mafuta ya moteri yaliyo safi, kwa sababu ndiyo yanayobeba mtaimbo wa turbo na kuondoa joto lake. Presha huongezwa mwisho, ikiwa kweli inahitajika.

Dereva naye ana sehemu yake. Akifika juu ya mlima baada ya kukandamiza moteri, huiacha inguruma polepole dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Akiizima ghafla, mafuta husimama ndani ya turbo iliyo moto, huungua na kuganda, na safari inayofuata huanza na mtaimbo mkavu. Mbuga ya Rwindi iko mbali na garaji, na lori lililokwama huko na mizigo ya wachuuzi hula faida ya safari nzima.

Büchi alihitaji miaka 20 kufika kwenye jambo hilo, na alifika kwa kuacha hewa ipite na kupoza kabla ya kuidai nguvu. Kila turbo inayofunguliwa leo mtaani Majengo bado inafuata masharti yake.