MAISHA YA MUNGANGA ALBERT COOK, MWENYE KULINDA KARATASI



Mara hii tunawaletea maisha ya munganga mmoja wa misioni aliyetumika ng'ambo ya mpaka wetu, kule Uganda, na aliyekufa tangu miaka mingi. Wengine watauliza: juu ya nini yeye, na si mtu wa kwetu? Tutajibu mwishoni. Mtuvumilie kidogo.

Albert Ruskin Cook alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Machi 1870. Baba yake alikuwa munganga, na mtoto naye akashika njia ile ile. Alisoma Cambridge, kisha akajifunza uganga katika hospitali ya St Bartholomew's pale London. Mwaka 1896 shirika la misioni la kanisa la Anglikana, CMS, lilimtuma Uganda. Alikuwa kijana wa miaka 26. Angeweza kubaki kwao na kupata makuta mingi, lakini hakubaki.

Wakati ule reli ya kutoka Mombasa ilikuwa inaanza tu kujengwa. Basi Cook na wenzake walitembea kwa miguu zaidi ya kilometa 1,000, wakafika Mengo mwezi wa Februari 1897. Tukumbuke kwamba ni katika siku zile zile, mwisho wa 1896, Apolo Kivebulaya alivuka kuja Mboga, katika Ituri yetu, kuhubiri Injili. Mmoja alibeba Kitabu, mwingine alibeba dawa, na wote wawili walitumikia kanisa moja la Anglikana.

Katika safari ile kulikuwa mwuguzi mmoja, Bibi Katharine Timpson. Yeye na Cook walioana mwaka 1900. Ndugu ya Cook, munganga Jack, alikuwa amefika mwaka 1899. Hospitali yao ya kwanza pale Mengo, juu ya kilima cha Namirembe, ilikuwa ya matete na majani tu. Mwaka 1900 walifungua nyingine kubwa. Halafu Novemba 1902 radi ikaipiga, ikaungua yote. Mwingine angefunga mizigo arudi kwao. Wao walijenga tena, mara hii kwa matofali, na mwaka 1904 wagonjwa waliingia katika nyumba mpya.

Sasa tufike kwenye jambo lililotuvuta kumwandika. Tangu mwaka ule wa kwanza, 1897, Cook alikuwa na desturi moja. Mgonjwa akiingia hospitali, aliandikwa: jina lake, mahali alipotoka, alichougua, dawa aliyopewa, na kama alipona ao alikufa. Hata siku wagonjwa walikuwa wengi, kalamu haikulala. Karatasi zile zikafungwa sawa vitabu, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka 1901 Cook na ndugu yake waliona wagonjwa wa namna mpya: watu waliolegea, wakasinzia mchana, wakakonda mpaka kufa. Walitambua kwamba ni malale, wakatangaza habari ile mapema. Mwaka 1903 wachunguzi walihakikisha kwamba mbung'o ndiye anayeeneza ugonjwa ule. Hata vile, katika miaka 20 ya kwanza ya karne ile, malale iliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya ziwa Viktoria.

Cook hakutaka uganga ubaki mikononi mwa wazungu peke yao. Mwaka 1917 alianza kufundisha Waafrika kuwa wasaidizi wa waganga. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Bibi Katharine alianzisha shule ya wazalishaji, na pamoja waliandika kitabu cha uzalishaji katika Luganda, ili msichana wa kijijini ajifunze kwa lugha ya mama yake. Mwaka 1932 mfalme wa Uingereza alimpa Cook heshima ya kuitwa Sir. Bibi Katharine alikufa mwaka 1938. Cook mwenyewe hakurudi Uingereza kuzeekea kule. Alikaa Kampala mpaka alipokufa Aprili 1951, akiwa na miaka 81.

Lakini kazi yake haikufa pamoja naye. Vitabu vya wagonjwa wa Mengo vililindwa katika maktaba ya uganga ya Chuo Kikuu cha Makerere, pale Mulago, na maktaba yenyewe inaitwa kwa jina la Albert Cook. Karatasi zake nyingine ziko London, katika maktaba ya Wellcome. Mwaka 1964 waganga wa Kampala walichapisha uchunguzi wa kansa katika Uganda tangu 1897 mpaka 1956. Walipata wapi habari za miaka 60? Katika vitabu vile vile vya Mengo. Wakaona kwamba uvimbe wa taya ya watoto, ambao munganga Burkitt aliujulisha dunia mwaka 1958, haukuwa jambo geni: Cook alikwisha kuuona na kuuandika tangu zamani.

Tuseme kweli yote: Cook alikosea pia. Yeye na wenzake walisema kwamba kaswende imeshika watu wengi kupita kiasi katika Buganda. Waganga wa nyuma walipochunguza tena mambo ya wakati ule, walisema kwamba wengi walikuwa na magonjwa mengine, kama buba. Tunaona hapa faida nyingine ya kuandika. Mtu anayeandika anaacha hata kosa lake wazi, ili wengine walisahihishe. Asiyeandika anakufa na kosa lake, na watu wanaendelea kukosa.

Sasa jibu letu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka na moto ukateremka mpaka Buhene, mmoja wetu sisi wa mwaka wa sita alikimbia na wadogo zake. Nyumba iliungua. Ziliungua na fishi za chanjo za watoto, karatasi za hospitali za mama yao aliyekufa mbele, na matokeo yote ya masomo. Leo mdogo wake akiugua, munganga anauliza kama mama alikuwa na ugonjwa gani, na hakuna anayeweza kujibu. Nyumba ilijengwa tena kwa mbao. Karatasi hazijengwi tena.

Kwa hiyo tumemwomba prefe wa masomo sanduku moja ya chuma. Ndani yake tutaweka nakala moja ya kila jarida hili na kaye ya wanafunzi wanaougua, itakayoandikwa na kapita wa kila darasa: tarehe, ugonjwa, dawa. Moto ukija tena, sanduku ile ibebwe mbele ya viti. Sisi tunamaliza mwaka huu na tutaondoka. Tunawaachia ninyi wa mwaka wa tano ufunguo wake.