Poul la Cour: Mtu Aliyeuweka Upepo Akiba

Jioni moja nilikuwa Taveta kwa dada yangu, mkulima wa ndizi. Mchana kutwa vibao vya sola juu ya paa vilivuta maji ya kisima bila taabu. Baada ya sala ya Magharibi nyumba ikawa giza, maana betri ilikuwa imechoka na bei ya mpya haikamatiki. Mpwa wangu, aliyejifunza ufundi wa umeme, alikwisha funga mzigo aende Mombasa kutafuta kazi. Giza lile na mzigo ule vilinikumbusha Poul la Cour, ambaye nusu ya umri wake ilikwenda katika mambo hayo mawili.

Bwana huyu alizaliwa tarehe 13 Aprili, 1846, shambani karibu na mji wa Ebeltoft, nchini Denmark. Alisomea elimu ya hali ya hewa, na mwaka wa 1872 akawa naibu wa mkuu wa idara ya kazi hiyo mjini Copenhagen. Katika miaka hiyo alibuni gurudumu linaloongozwa na uma wa chuma utoao sauti moja isiyobadilika. Kwa gurudumu hilo, mashine mbili za simu zilizo mbalimbali ziliweza kuzunguka kwa mwendo mmoja. Kupatanisha mitambo iliyo mbali namna hiyo ni miongoni mwa kazi za kompyuta siku hizi.

Lakini mwaka wa 1878 aliacha cheo na mji, akaenda kuwa mwalimu katika shule ya vijana wa mashamba kijijini Askov. Aliona vijana wakikimbilia mijini kwenye taa na viwanda. Akataka umeme uwafuate huko huko kwao.

Mwaka wa 1891, kwa msaada wa serikali, alijenga kinu cha upepo cha kutoa umeme. Tabu ni kwamba upepo hauna ahadi: leo unavuma, kesho umetulia. Basi akaupitisha umeme ndani ya maji, nayo maji yakagawanyika kuwa hewa mbili, haidrojeni na oksijeni. Kila moja akaiweka katika tangi lake, na usiku zikapelekwa kwa mabomba kuwasha taa. Tangu 1895 hadi 1902 shule ya Askov iliangazwa kwa upepo uliovuma jana yake.

Haikuwa kazi ya salama. Oksijeni kidogo ikiingia katika haidrojeni, cheche moja yatosha. Zaidi ya mara moja mlipuko ulivunja vioo vya madirisha ya shule, na mwalimu akalazimika kuvitia vipya. Leo vipima vidogo hugundua mchanganyiko huo, na kompyuta huufunga mtambo kabla mtu hajapepesa jicho. Yeye alitegemea macho na masikio yake tu.

Mwishowe aliiacha haidrojeni akashika betri, na kinu chake kikawa kituo cha umeme cha kijiji. Mwenye haraka atasema alishindwa. Mimi sioni hivyo. Mwaka wa 1903 alianzisha chama cha umeme wa upepo, na tangu 1904 akawafundisha vijana wa mashamba ufundi huo, wakarudi nao makwao. Alifariki dunia tarehe 24 Aprili, 1908, akiwa na umri wa miaka 62. Kufikia 1918, Denmark ilikuwa na vituo vidogo vya upepo vipatavyo 120 vijijini.

Kwa nini nakusimulia haya, ndugu msomaji? Kwa sababu jambo lenyewe limefika kwetu. Mnamo Septemba 2023 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wake wa haidrojeni, na mbolea ikatangulizwa mbele. Karibu na Naivasha kumejengwa mtambo mdogo shambani, ambao kwa nguvu ya jua hutoa haidrojeni katika maji na kuifanya amonia ya kurutubisha udongo. Jua tunalo, maji ya Lumi na Jipe tunayaona. Ila mtambo usio na fundi wa karibu ni chuma tu, hata ukiwa na kompyuta kumi.

Usiku ule, kwa mwanga wa kandili, nilimweleza mpwa wangu maisha ya mwalimu yule. Sikumkataza safari, maana riziki huipanga Mungu. Nilimwuliza tu, akishaondoka, mtambo wa mama yake ukiharibika ataitwa nani, na wa majirani je? Hakunijibu. Alfajiri nilipotoka kwenda msikitini, mzigo ulikuwa bado mlangoni, na ngazi imeegemezwa paani.