John Metcalf, kipofu aliyetengeneza barabara

Kwenye ukurasa huu wa maisha ya watu waliojulikana, mara hii tumechagua mtu wa Uingereza, John Metcalf. Watu wa kwao walimwita Jack Kipofu. Tumemchagua kwa sababu ya jambo moja lililotupata sisi wenyewe hapa njiani karibu na shule. Tutalisema mwishoni, hata kama linatuletea haya.

Metcalf alizaliwa mwaka 1717 katika mji mdogo wa Knaresborough, jimbo la Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake hawakuwa matajiri. Alipokuwa na miaka 6 alishikwa na ndui. Ugonjwa ule zamani uliua watoto wengi, na mingi ya wale waliopona walibaki na alama usoni ao bila macho. Yeye alipona, lakini macho yake yote mawili yalikufa.

Mtu anaweza kufikiri kwamba tangu siku ile mtoto alikaa tu mlangoni akingoja kushikwa mkono. Haikuwa vile. Kisha miezi 6 hivi aliweza kufika peke yake mwisho wa njia ya kwao na kurudi. Kisha miaka 3 aliweza kwenda pahali popote mjini. Alipanda miti pamoja na watoto wengine, akajifunza kuogelea mtoni, akajifunza kupanda farasi. Tena alifundishwa kupiga violoni, kile chombo cha nyuzi kinachopigwa kwa uta, na kwa muziki akapata mkate wake.

Alitembeaje? Watu wengi wanasema kipofu anapewa macho mengine ya siri. Hiyo si kweli. Metcalf alikuwa na fimbo ndefu, miguu, masikio, na kichwa kilichotunza mambo. Fimbo ilimwambia kama mbele kuko jiwe, shimo ao maji. Miguu ilimwambia kama udongo ni mgumu ao laini, kama njia inapanda ao inashuka. Masikio yalisikia namna sauti inavyobadilika karibu na ukuta na pahali pa wazi. Na kila njia aliyopita mara moja aliiweka kichwani. Sisi tunaoona tunapita pahali pamoja kila siku, lakini mtu akituuliza kuko miti mingapi, hatujui!

Kwa hiyo wasafiri wenye macho mazuri walimwomba awaongoze, hata usiku. Giza lilipoingia wao walipotea, lakini kwake usiku na mchana ni kimoja tu.

Siku moja alipokuwa London alitaka kurudi kwao. Mkubwa mmoja wa askari, Kanali Liddell, alimpa nafasi katika gari lake la farasi. Metcalf akakataa, akasema ataenda kwa mguu. Safari yenyewe ilipita kilometa 300. Kipofu akatembea, na kanali akapanda gari. Nani alifika mbele? Kipofu! Msishangae sana: barabara za Uingereza wakati ule zilikuwa mbaya kabisa, magurudumu yalizama katika matope na farasi walichoka. Sisi tuliokwisha kulala njiani na lori iliyokwama katika potopoto tunaelewa vizuri.

Metcalf alifanya kazi nyingi. Mwaka 1745, wakati wa vita ya ndani kule, alikwenda na askari wa kujitolea kama mpiga muziki, akafika nao mpaka Uskoti. Mwaka 1754 alianza kupeleka watu na mizigo kwa gari la farasi kati ya York na Knaresborough, na yeye mwenyewe alikuwa mwendeshaji. Basi miguu yake na magurudumu yake vilijua ubaya wa barabara kuliko wakubwa waliokaa ofisini.

Mwaka 1765 serikali ilikubali kutengeneza barabara mpya upande wa kwao. Watu waliojua kazi hiyo walikuwa wachache. Metcalf akaomba kipande cha kilometa 5 hivi, kati ya Minskip na Ferrensby. Alikuwa karibu na miaka 48. Alimaliza mbele ya siku zilizowekwa, na kazi ilikuwa nzuri. Tangu pale akapewa kipande kisha kipande.

Namna yake ilikuwa hii. Kwanza alipita yeye mwenyewe na fimbo yake, peke yake, juu ya vilima na ndani ya mabonde, akipima udongo. Aliweka msingi mgumu wa mawe. Juu aliinua katikati ya barabara kidogo, ili maji ya mvua yatelemke pande mbili na kuingia katika mifereji. Hesabu ya mawe na ya feza alifanya kichwani kwa namna yake, lakini hakuweza kuwaeleza wengine namna ile.

Shida kubwa ilikuwa juu ya vilima, kwenye barabara ya kutoka Huddersfield kwenda Manchester. Udongo pale ulikuwa laini na wenye maji, unameza kila kitu. Wengine waliona ni lazima kuchimba mpaka kufikia udongo mgumu. Metcalf alikataa. Aliwaambia wafanyakazi wakate vijiti vya porini, wavifunge mafungu mafungu, wayapange juu ya matope, safu moja hivi na ingine kwa kuikata. Juu yake wakamwaga mawe na changarawe. Watu walicheka, lakini barabara haikuzama. Pale walipoogopa zaidi njo ilikaa imara zaidi.

Kwa jumla alitengeneza karibu kilometa 290 za barabara. Mwaka 1792 aliacha kazi hiyo, akakaa Spofforth. Alipokuwa na miaka 77 alikwenda kwa mguu mpaka York kuhadisia maisha yake, na kitabu kikatoka mwaka 1795. Alikufa mwaka 1810, mwenye miaka 92.

Sasa jambo letu. Mzee mmoja kipofu anapita njia ya shule kwenda sokoni. Siku moja watatu kati yetu tulimwona karibu na mfereji. Bila salamu, mmoja akashika ncha ya fimbo yake, wengine wakamshika mabega, tukamvuta mpaka ng'ambo. Tulifikiri tumefanya wema. Kumbe Baba yule alikuwa anahesabu hatua zake, na fimbo yake ilikuwa imekwisha kuona daraja. Tulimpoteza hesabu, akaanguka. Hakututukana. Alituuliza tu kama sisi tungependa mtu atufunge macho na kutukokota. Tulinyamaza.

Tangu siku ile tumejifunza kwake. Ukikutana na kipofu, kwanza msalimie na utaje jina lako. Muulize kama anataka msaada, akikataa, usikasirike. Akikubali, mpe kiwiko chako ashike yeye, utembee nusu hatua mbele yake. Usiguse fimbo yake, maana kuishika ni sawa kumfunika macho. Usiseme shimo liko pale. Sema liko kushoto, ao liko hatua mbili mbele. Ukienda zako, mwambie, asibaki akisema na upepo. Na sisi wa interna tusiache tena baiskeli na ndoo katikati ya njia.

Metcalf hakukosa akili wala nguvu. Alihitaji njia nzuri tu, na alipoikosa akaitengeneza, na wenye macho wakaipita. Baba wa pale mferejini hatuombi tumbebe. Anaomba tumwachie njia yake.