Aliyeitwa kilaza akaja kuwasha taa: Edison na watoto wasiotulia

Leo siasa naiweka pembeni kidogo.

Majuzi dada yangu alinipigia simu akitoka shuleni kwa mwanae, sauti imemkauka kabisa. Kaambiwa mtoto ana kichwa kizito. Yuko darasa la tatu, hatulii kwenye dawati, zoezi anaanza halimalizi, penseli anapoteza kila siku, na ukimwita mpaka mara tatu ndiyo anageuka. Ushauri aliopewa ni arudishwe darasa la pili. Shule siitaji, maana siyo lengo langu.

Mimi mjomba wake namjua huyo bwana mdogo. Redio yangu aliifungua yote akairudisha, ikabaki skrubu moja tu mezani, na mpaka leo inaongea. Sasa hicho kichwa kizito kimetoka wapi?

Hapo nikamkumbuka Thomas Edison wa Marekani. Nikaona niwaletee maisha yake, ila yale ya kweli, siyo yale yanayorushwa kwenye simu.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji mdogo wa Milan, jimbo la Ohio, akiwa mtoto wa mwisho kati ya 7. Alikuwa mtundu wa kupindukia. Akiwa na miaka kama 6 hivi aliwasha moto ndani ya ghala la baba yake ili aone tu utafanya nini. Ghala likateketea, na mzee akamchapa viboko hadharani, mji mzima unatazama.

Mwaka 1854 familia ilihamia Port Huron, Michigan. Huko akapelekwa shule, akadumu miezi michache tu. Masomo yalikuwa ya kukariri na fimbo, yeye akili iko kwingine. Siku moja akamsikia mwalimu akisema kuwa kichwa chake kimevurugika. Akakimbia nyumbani analia. Mama yake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu, alikwenda kugombana na yule mwalimu, halafu akamtoa mtoto na kumfundisha mwenyewe.

Hapa nirekebishe jambo moja. Ile hadithi ya barua ya shule, kwamba mama alimdanganya mtoto imeandikwa yeye ni kipaji kisichowezwa kufundishwa, haina ushahidi wowote. Edison alijua vizuri alichoitwa, maana alikisikia kwa masikio yake.

Nyumbani mambo yalibadilika. Mama hakumlazimisha kukariri. Alimpa kitabu cha majaribio ya sayansi, na mtoto akayafanya majaribio yale mwenyewe. Yule aliyeshindwa kukaa dakika kumi darasani sasa akawa anakaa chini ya nyumba na chupa zake za kemikali kutwa nzima.

Mwaka 1859, akiwa na miaka 12, alianza kuuza magazeti na peremende kwenye treni ya kwenda Detroit. Mwaka 1862 akachapa gazeti lake mwenyewe humohumo kwenye behewa la mizigo. Na maabara pia akaiweka humo, mpaka kemikali zikawaka moto na vitu vyake vikatupwa nje. Mwaka huohuo alimwokoa mtoto wa mkuu wa stesheni asigongwe na behewa. Baba wa mtoto akamlipa kwa kumfundisha kazi ya telegrafu.

Sasa wadau, hapa ndipo penyewe. Alipopangiwa zamu ya usiku huko Kanada, sheria ilikuwa kila saa atume ishara kuonyesha kwamba yuko macho. Edison akatengeneza chombo kilichofungwa kwenye saa, kikawa kinatuma ishara chenyewe wakati yeye kalala. Akili hiyo! Lakini kijana huyohuyo aliwahi kupitisha treni iliyotakiwa kusimamishwa, na treni mbili nusura zigongane. Akakimbilia Marekani. Baadaye, akiwa Louisville, alimwaga tindikali, ikapenya sakafu mpaka ofisi ya bosi chini. Kesho yake hana kazi.

Kichwa ni kilekile. Kwenye kubuni kinachemka, kwenye kufuata utaratibu kinavuja. Je, ni mjinga au ana akili?

Wataalamu wa leo wangesema tunachanganya mambo mawili. Tatizo la umakini, ambalo madaktari huliita ADHD, linakadiriwa kuwapata watoto kama 5 katika kila 100 duniani. Siyo tatizo la ujinga. Mara nyingi linagusa zile stadi za kuiongoza akili: kushika maelekezo matatu kichwani bila kudondosha la pili, kujizuia kabla ya kuropoka, kupanga kazi, kukadiria muda. Mtoto anaweza kuelewa hesabu vizuri kabisa, ila anasahau namba aliyoibeba njiani. Karatasi inapata sifuri, na mwalimu anaandika hana akili.

Ni kweli kwamba ukiwapima kwa makundi, wastani wa watoto hawa kwenye vipimo vya akili huwa chini kidogo. Ila vipimo vyenyewe vinadai kasi na kumbukumbu ya papo kwa papo, na hapo ndipo wengi wao huchechemea. Mmojammoja, wapo wa kawaida, wapo wa chini, wapo wenye vichwa hatari. Wala si wote wana udhaifu uleule. Daktari George Still aliliona hili zamani, mwaka 1902 huko London, alipoeleza juu ya watoto walioshindwa kujizuia ilhali akili zao ziko sawa.

Jingine: kinachoharibu masomo zaidi ni ule uzembe wa umakini kuliko utundu. Mtundu anaonekana. Lakini yule mkimya anayetazama dirishani, na mara nyingi ni msichana, hasumbui mtu, basi hakuna anayemjali mpaka afeli.

Je, Edison alikuwa na tatizo hili? Hakuna anayeweza kumpima marehemu, na mimi sitasema alikuwa nalo. Tena yeye alianza kupoteza usikivu angali kijana, na ukubwani alikuwa karibu kiziwi. Mtoto asiyesikia naye huitwa hana umakini! Ninachokiona ni jinsi alivyoishi na kichwa chake.

Mwaka 1876 alijenga maabara Menlo Park, New Jersey. Mwaka 1877 akatoa santuri, na 1879 balbu iliyodumu kuwaka. Taa za umeme zilikuwepo kabla yake, na Joseph Swan wa Uingereza naye alikuwa mbioni, ila Edison ndiye aliyejenga na mtambo wa kuzilisha umeme. Na hakufanya peke yake. Hesabu hakuzipenda, akamwajiri Francis Upton, mtaalamu wa hesabu. Kazi za mkono zenye kutaka utulivu alikuwa nazo Charles Batchelor. Mawazo yake hakuyaachia kichwa. Aliyaandika kwenye madaftari, maelfu kwa maelfu. Alipokufa tarehe 18 Oktoba 1931 alikuwa na hataza 1,093 za Marekani.

Makosa hayakumwisha. Miaka ya 1890 alizamisha fedha nyingi kwenye mradi wa kuchambua madini ya chuma, akang'ang'ania mpaka ukafa. Kwa hiyo msinielewe vibaya: si kila mtoto asiyetulia ni Edison. Wengi wanaoachwa hivihivi huishia kuacha shule. Edison alipata mama aliyebadilisha njia ya kufundisha. Asingempata, sijui tungekuwa tunamzungumzia.

Turudi kwa bwana mdogo. Nilimwambia dada: kwanza mpime masikio na macho, angalia usingizi wake na kama anakwenda shule na njaa. Dalili zikionekana shuleni na nyumbani pia, zikadumu miezi 6 au zaidi, mpeleke kwa daktari wa watoto. Fimbo weka chini. Masikio yamepimwa, yako salama. Miadi ya daktari bado. Wakati tunasubiri, mwalimu wake mwingine, Mungu ambariki, amemkalisha mbele na anampa maelekezo mojamoja. Wiki iliyopita alimaliza zoezi zima la hesabu, kapata 7 kati ya 10. Penseli kapoteza kama kawaida.

Darasa la pili harudi. Dada kakataa.

Nyie mnaosoma hapo kafe, najua wapo walioitwa vilaza mpaka wakaamini. Ulikuwa hufahamu, au ulikuwa hutulii? Semeni hapo chini, na walimu msikae kimya. Kwa leo naishia hapa, dakika zisije zikawaishia.