Adolphe Sax: Fundi aliyeponea chupuchupu utotoni na kuunda saksafoni

BENDI za Jeshi la Wokovu zinapoandamana Jumapili mjini Bungoma, Kimilili au Kitale, waumini wachache hufahamu kwamba ala kadhaa kati ya zile zinazowatangulia barabarani zilitokana na akili ya fundi mmoja aliyefariki mwaka wa 1894. Wapigaji saksafoni ndio wanaolitaja jina lake, tena bila kujua, kwa kuwa ala yao imeitwa kwa jina hilo.

Fundi huyo ni Antoine-Joseph Sax, aliyejulikana zaidi kama Adolphe. Alizaliwa Novemba 6, 1814, katika mji mdogo wa Dinant, ambao sasa umo nchini Ubelgiji. Babake, Charles-Joseph, alikuwa mtengenezaji wa ala za muziki, na mtoto alilelewa katikati ya vumbi la mbao na mlio wa nyundo.

Kukua kwenyewe kulikuwa kwa bahati. Inasimuliwa kwamba alianguka kutoka orofa ya juu akagonga kichwa kwenye jiwe, akadhaniwa amekufa. Akanywa maji ya tindikali akidhani ni maziwa, akameza pini, akaunguzwa na mlipuko wa baruti, kisha akaokolewa mtoni akiwa karibu kuzama. Majirani walimwona kama mzimu unaotembea. Huenda masimulizi hayo yametiwa chumvi kadiri miaka ilivyopita, lakini mtu aliyetokana nayo alikuwa mkaidi kwelikweli, na ukaidi huo ndio uliomjenga na kumponza.

Alisomea filimbi na klarineti mjini Brussels. Badala ya kuridhika kuzipiga, alianza kuzichunguza kasoro zake. Mwaka wa 1838 alipata hataza ya klarineti nzito aliyoiboresha, na mwaka wa 1842 akahamia Paris akiwa na fedha kidogo na mawazo tele. Mtunzi mashuhuri Hector Berlioz alimsifu gazetini mwaka huohuo. Sifa hizo zilimfungulia milango, lakini pia ziliwaamsha mafundi wa Paris waliomwona kuwa mgeni aliyekuja kuwanyang'anya riziki.

Wazo lake kuu lilitokana na upungufu uliokuwa dhahiri katika bendi za kijeshi. Ala za shaba zilikuwa na nguvu lakini hazikuwa na ulaini, ilhali ala za mbao zilikuwa laini lakini sauti yao ilimezwa na upepo wa uwanjani. Sax alitwaa kipulizio chenye ulimi wa tete, mfano wa kile cha klarineti, akakipachika kwenye bomba la shaba linalopanuka kuanzia juu hadi chini. Upanuzi huo si pambo. Klarineti, ambayo bomba lake lina upana mmoja kwa sehemu kubwa, humlazimu mpigaji kujifunza mpangilio mwingine wa vidole anaporuka kwenda sauti za juu. Kwenye saksafoni vidole hubaki karibu vilevile. Hataza ya saksafoni ilitolewa Juni 28, 1846.

Kitu kimoja, hata hivyo, hakikuwa chake, nacho ni ule ulimi wa tete ambao wanamuziki wetu huuita ridi. Tete zinazosifika zaidi hukuzwa katika eneo la Var, kusini mwa Ufaransa, na hakuna fundi awezaye kuzilazimisha zifanane. Hiyo ndiyo sababu mpigaji hununua ridi kumi za namba moja na kupata tatu tu zinazomridhisha.

Mpigaji wa Kitale huujua usumbufu huu vyema. Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Desemba na Februari hewa yake hukauka. Ridi iliyoachwa kwenye kipulizio baada ya ibada hukauka vibaya, ncha yake ikajikunja kama mawimbi, na siku ya pili ala hupiga kelele badala ya kuimba. Wengi huharakisha kulaumu saksafoni na kuipeleka kwa fundi, ilhali dawa ni kuiloweka ridi kwa dakika chache, kisha kuilaza juu ya kioo hadi inyooke. Mlio wa kukwaruza mara nyingi humaanisha ridi imefungwa upande, au ncha yake haikulingana na ncha ya kipulizio. Iliyopasuka nchani haina tiba. Mwenye busara huwa na ridi tatu au nne anazozipokeza zamu, na kila moja huifuta na kuihifadhi mahali bapa. Bungoma, ambako mvua ya masika huleta unyevu, adui huwa ukungu.

Sax alikuwa na maadui wa aina nyingine. Aprili 22, 1845, bendi yake ilishindanishwa na bendi ya mtindo wa zamani katika uwanja wa Champ de Mars, Paris, mbele ya maelfu ya watu. Umati ulimpa ushindi, na jeshi la Ufaransa likazikubali ala zake. Wapinzani walikimbilia mahakamani kutaka hataza zake zibatilishwe, na kesi hizo zikamfuata kwa miaka mingi. Alizishinda nyingi, lakini gharama zilimla. Alifilisika mara tatu, mwaka wa 1852, 1873 na 1877.

Katikati ya misukosuko hiyo, mwaka wa 1853, alipatwa na uvimbe mdomoni. Kwa mtu anayejaribu kila ala kwa midomo yake mwenyewe, pigo hilo lilikuwa zaidi ya ugonjwa. Kufikia mwaka wa 1859 alikuwa amepona, baada ya kutibiwa na mganga mweusi wa mitishamba aliyejulikana Paris kwa jina la Daktari Noir.

Ala zake nyingine, zile za shaba zisizo na ridi, zilikuwa zimeshavuka bahari. Mwaka wa 1844 Mwingereza John Distin na wanawe walikutana naye Paris, wakazichukua na kuzieneza Uingereza. Huko ndiko familia ya Fry ilikoanzisha bendi ya kwanza ya Jeshi la Wokovu, mjini Salisbury, mwaka wa 1878. Jeshi hilo lilipoanza kazi rasmi Kenya mwaka wa 1921, utamaduni wa bendi ulikuja nalo, na baadaye ukafika magharibi mwa nchi.

Sax alifundisha saksafoni katika chuo cha muziki cha Paris kuanzia 1857, hadi darasa hilo lilipofungwa mwaka wa 1870 vita na Wajerumani vilipozuka. Mwaka wa 1877 mkusanyo wake wa ala ulipigwa mnada ili kulipa madeni. Aliaga dunia Februari 7, 1894, akazikwa katika makaburi ya Montmartre. Mwanawe Adolphe-Édouard aliendeleza karakana hadi mwishoni mwa miaka ya 1920, iliponunuliwa na kampuni ya Selmer, ambayo hadi leo hutengeneza saksafoni.